Mche Mmoja wa Mberoshi

Hapo zamani, kabla lami haijapanda milima ya Rungwe, Ambakisye, mpishi wa melini, alirudi nyumbani na mbegu chache mfukoni mwa koti. Akampa mkewe, Tupokigwe.

"Umewalea wanangu peke yako, mke wangu. Nikushukuru kwa kitu gani? Hizi ni mbegu za mti unaobaki kijani hata theluji ikiufunika."

Kabla mvua hazijaanza, Ambakisye akafariki.

Tupokigwe akazipanda kwenye kopo. Ikaota moja tu. Akaukinga mche na jua kwa majani ya mgomba, akaumwagilia kiangazi chote, akauhamishia uani. Ulipomfika magotini, mama yake akapooza huko Kyela.

"Lugano, jirani yangu, nakuachia mti."

"Nenda, dada. Utaukuta."

Tupokigwe akakaa huko miaka mingi. Lugano, fundi cherehani, akauwekea mti uzio mbuzi wasiufikie. Upepo ulipouinamisha, akaufunga kwenye nguzo kwa vipande vya vitambaa. Ukarefuka, ukapendeza, matawi yamepangana kama sketi ya marinda.

Ndipo wadudu wakavamia misonobari. Amri ikatoka: kila msonobari ukatwe. Wakataji wakaingia uani, mwanamke aitwaye Sekela akiwa mmoja wao, shoka begani.

"Kata," msimamizi akasema.

Sekela akavuta tawi, akaligeuza. "Huu si msonobari, bosi. Majani ya msonobari hutoka kwa vichala. Haya yametoka moja moja, bapa, na chini yana mistari miwili myeupe. Ukichomoa moja, linaacha kovu la mviringo. Huu ni mberoshi. Wadudu hawana haja nao."

"Kata, au rudi kwenu!"

Sekela akaweka shoka chini, akarudi kwao. Wenzake nao wakagoma kuugusa, na mti ukapona.

Tupokigwe alirudi baada ya kumzika mama yake. Akaukuta mti umeshazaa, matunda yamesimama wima juu ya matawi kama mishumaa. Akalia, kisha akapika, akawaita Lugano na yule Sekela aliyesimuliwa habari zake.

"Ndaga, Lugano. Ndaga, Sekela. Asanteni, asanteni sana."

Chini ya mti palikuwa na mche mmoja. Sekela akapasua mbegu zote za matunda yale ili waoteshe miche mingine, lakini zilikuwa tupu.

Tupokigwe akasema, "Mimi ndiye niliyeuotesha mti huu. Natamani kuupanda mche kaburini kwa Ambakisye. Hana hata ua."

Lugano akasema, "Ndaga, dada, uliniamini. Lakini macho yangu yamechoka, nahamia Mbeya kwa mwanangu. Mti huu umekuwa mwenzangu. Naomba niondoke na mtoto wake."

Sekela akasema, "Ndaga, mmenikaribisha kama ndugu. Kazi niliipoteza hapa hapa, na sijapata nyingine. Naomba niupande kwetu, wanangu waone kile ambacho mama yao alikataa kukikata."

Wakatazamana bila chuki. Chakula kikapoa, na hakuna aliyetaka kutangulia kuchimba.

Haya, jembe la kuuchimba nawapa nyinyi mliokaa hapa kunisikiliza. Mche ni mmoja: mngempa nani?