Mwanga wa Picha ya Nakiete na Damari

Hapo zamani, sikilizeni niwaambie, enzi za kamera zilizotoa picha papo hapo, karatasi ikitoka imetoka, haina nakala, kulikuwa na dada wawili milimani Upare. Damari mkubwa, Nakiete mdogo. Walikosana wakiwa wasichana, wasisemezane tena mpaka wakazeeka. Siku moja Damari akaja mwenyewe, akaketi kitandani kwa mdogo wake, wakashikana mikono.

Wajukuu watatu wa Nakiete wakasema hili lisipite bila picha. Nje mvua, ndani giza. Mmoja wao, Kiangi, akaleta kamera yake, akabonyeza. Taa ya kamera haikuwaka, picha ikatoka nyeusi tititi. Ikabaki karatasi moja.

Kiangi akafungua mahali pa betri, akakuta zimevuja. Akasugua vyuma vinavyogusa betri kwa kitambaa mpaka vikang'aa, akatia betri za redio. Bado, hakuna taa iliyowaka kwenye kamera.

Nduguye Mbonea akaichukua kamera, akaigeuzageuza. "Mbona hii alama ya radi imekatwa mstari?" Akasogeza swichi ya taa. Kitaa chekundu kikaanza kupepesa.

Bibi Damari akainuka. "Wajukuu zangu, niende, mto utajaa."

Kiangi akapeleka kidole kwenye kitufe. Dada yao, Eliwaza, akamshika mkono.

"Ngoja. Nadhani inavuta nguvu. Kikiacha kupepesa ndipo ubonyeze."

"Na Bibi akiondoka?"

Eliwaza akapiga magoti. "Bibi Damari, mdogo wako alikuwaje utotoni?"

Damari akaketi tena. "Huyu? Huyu alikuwa akila udongo wa ukutani." Nakiete akacheka mpaka akajishika mbavu. Kitaa kikatulia. Kiangi akabonyeza, chumba chote kikawa cheupe.

Picha ilipokolea, bibi wote wawili walikuwemo, wanacheka. Wakaitazama sana.

"Mimi macho yangu yanakwisha," akasema Nakiete. "Aichukue aliyeuleta mwanga."

Kiangi akasema, "Ni yangu. Bila betri, mngesogeza swichi mpaka kesho."

Mbonea akasema, "Betri zako zilikuwemo na taa haikuwaka. Iliamka nilipoigusa mimi."

Eliwaza akasema, "Mngebonyeza mapema, mngepata karatasi nyeusi ya pili. Tena mngepiga picha ya bibi mmoja, maana bila swali langu Bibi Damari angekuwa mtoni."

Nakiete akawatazama mmoja mmoja, akamgeukia dada yake. "Dada, wewe unasemaje?"

Damari akajitanda khanga yake. "Mimi nimekuja kupatana na wewe tu, mdogo wangu. Hilo waulize wengine."

Akaenda zake mvuani. Wajukuu wakala chakula cha jioni kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na picha iko katikati ya meza.

Sasa ninyi mlioketi hapa, msinitazame mimi. Ninyi mngempa nani? Je, ni nani hasa aliyeuleta mwanga ule?