Mashine Huvuna, Jamvini Haiketi

Mashine huvuna, jamvini haiketi. Mmeisikia leo pale kisimani mkacheka, kisha mkauliza ni mashine gani hiyo, na jamvi la nani. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika bonde la Kiloweko aliishi mjane aitwaye Somoe. Mtoto hakujaliwa, shamba hakuwa nalo. Alikuwa na mundu, na mkono ambao ukiingia kwenye mpunga haukuchoka mpaka jua litue. Mpunga ukiiva, mwenye shamba alipita mlango kwa mlango akisema, "Kesho kwangu." Walioitwa walivuna, wakapura, na jioni wakaketi naye jamvini kula wali mpya. Wakiinuka, kila mmoja alibeba fungu lake la mpunga. Mafungu hayo ndiyo yaliyomlisha Somoe mwaka mzima.

Mwaka ule akiba yake iliisha mapema. Akawa anakunywa uji mwepesi akingoja kuitwa na jirani yake Mwinyikondo, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote. Siku moja aliona mashine kubwa ikipita, akadhani ni trekta la kulimia. "Hawa nao, walime wakati wa kuvuna!" akacheka peke yake. Akanoa mundu, akakaa karibu na mlango ili asipitwe na mwito.

Hakuitwa. Asubuhi akaenda shambani hivyo hivyo, akisema moyoni kwamba jirani amesahau. Akakuta nusu ya shamba imekwisha kunyolewa, na ile mashine inatema mpunga magunia kwa magunia.

"Mama, pisha! Utakatwa miguu!" dereva alipaza sauti.

Somoe akapisha. Alisimama ukingoni na mundu wake, akitafuta mwenzake wa kusimama naye. Hakumwona. Wenzake walikwisha kuletewa habari na watoto wao. Yeye nani wa kumwambia?

Jioni Mwinyikondo akapika wali mpya kama desturi, akatandika jamvi. Dereva alikwisha kwenda shamba jingine. Wali ukaanza kupoa. Akapakua bakuli, akaenda kwa Somoe.

"Hodi, dada Somoe."

"Karibu, jirani. Leo ndiyo umeukumbuka mlango huu?"

"Usinichape kwa maneno. Wali mpya huu. Na kesho nitakuletea debe la mpunga, sadaka yangu."

Harufu ya wali ikampanda Somoe puani. "Umesema nini?"

"Sadaka."

"Miaka yote nimebeba fungu, Mwinyikondo. Nilikupa jasho, ukanipa mpunga, tukaachana sawa. Leo nimekuwa maskini wako?"

"Mpunga si ule ule, dada?"

"Mpunga ni ule ule. Neno silo."

Mwinyikondo akainamisha kichwa. "Basi njoo tukae. Jamvi zima lile niko peke yangu."

"Jamvini hukaa aliyevuna. Kaiite mashine yako."

"Mashine itaketije jamvini?" alijibu upesi, kama anayejibu mtoto. Kisha akasikia alilolisema. Akageuka, akarudi kwake na bakuli lake. Somoe akafunga mlango, akakaa gizani akiisikiliza njaa yake.

Msimu uliofuata wenye uwezo wote walikodi mashine. Mwinyikondo akaezeka bati, akayachukua na mashamba ya wanyonge walioshindwa kukodi. "Kesho kwangu" haikusikika tena Kiloweko. Somoe alifunga mundu wake kwenye kanga, akaondoka kutafuta bonde ambalo watu bado wanavuna kwa mkono. Kama alilipata, hakuna ajuaye.

Mwinyikondo hakuacha desturi. Kila mavuno alipika, akatandika, akangoja. Magunia yalijaa mpaka mlangoni. Na wali ulipopoa, alilikunja jamvi ambalo halikukaliwa na mtu, akasema polepole, wala hapakuwa na wa kumwitikia:

"Mashine huvuna, jamvini haiketi."