Fuko na Bendera Iliyokataa Kung'oka

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na jeshi.
Tulione.
Palikuwa na bendera.
Ipepee.
Palikuwa na njaa.
Hiyo tunaijua, endelea.

Basi naendelea. Zamani hizo wanyama walikuwa na majeshi, na majeshi yenyewe yalikuwa Rumi, mbali huko. Jemadari wa jeshi moja alikuwa Ngiri. Mnamjua Ngiri: shingo hana, haya hana, na meno yamemzidi mdomo.

Jeshi la Ngiri lilikuwa na bendera. Si ya kupandishwa kwa kamba kama ile ya shuleni. Ilikuwa mti mrefu, juu yake umekatiza mti mfupi, na kitambaa kinaning'inia hapo. Mti ukitembea, jeshi linatembea. Mti ukichomekwa ardhini, jeshi linapiga kambi. Na mti ukikataa kung'oka asubuhi, jeshi haliendi popote, kwa sababu askari wa Rumi haachi bendera yake nyuma. Afadhali aache mkia.

Kila jioni chungu cha kwanza cha chakula kilikuwa cha bendera. Kiliwekwa chini ya mti kwa heshima ya yule aliyechorwa juu. Ngiri alipopata ukubwa akaita mchoraji, akachorwa yeye, meno na yote. Kisha akatoa sheria, na jeshi zima likaapa kwa mti ule: mwenye sura juu ya mti ndiye mwenye kijiko chini ya mti. Chungu cha kwanza kikawa chake. Haukupita muda, chungu cha pili nacho kikaitwa cha kwanza. Mwishowe vyungu vyote vikawa vya kwanza, na askari wakawa wanalamba mwiko.

Mle jeshini alikuwamo Fuko, mchimba mahandaki. Hakukuwa na mdogo kuliko yeye. Macho yake kama mbegu mbili za ufuta, na hata hizo mbegu zenyewe haoni nazo vizuri. Kila jioni jeshi likipiga kambi, Fuko anachimba handaki kuizunguka. Chaka chaka chaka, anachimba. Anakutana na mizizi mitamu, anaitoa. Mizizi inaingia chunguni, chungu kinakwenda kwa Ngiri, na Fuko anarudi shimoni kwa mkewe, Bi Tabita, mikono mitupu.

Siku moja Bi Tabita akamwambia watoto wamekonda, upepo ukiingia shimoni wanapeperuka. Mmoja alishindwa hata kulia. Alifungua mdomo tu.

Sasa, Fuko na mkewe walikuwa wa dini ile mpya, iliyofuatwa chini ya ardhi kwa sababu juu ya ardhi waumini wake walikamatwa. Alama za dini yao walizichora kwenye kuta za mashimo: samaki, nanga, njiwa, na herufi mbili za Kiyunani za kuanzia jina la Kristo, zimebebana, moja kama vijiti viwili vilivyopishana, nyingine kama fimbo yenye kichwa cha mviringo. Fuko aliipapasa ile alama ya herufi mbili ukutani, akamnong'oneza mkewe jambo.

Bi Tabita akauliza kama hiyo si dhambi. Fuko akasema huenda ni dhambi, lakini toba haikai vizuri kwenye tumbo tupu. Watoto wale kwanza.

Kesho yake jeshi lilikuwa liende kuuteka mji wa Jemadari Fahali, ng'ambo ya mto. Mji ule ulikuwa na ghala la maboga, na Ngiri alikuwa ameyaota maboga yale mpaka mto wake wa kulalia ukalowa mate. Askari akashika mti wa bendera, akavuta. Ng'oo. Wakaja wawili, wakavuta. Ng'oo. Akaja Ngiri mwenyewe, akasukuma kwa mabega, akavuta kwa meno. Ng'oo kabisa. Askari wakatazamana, wakaanza kuvua viatu. Bendera imekataa, hakuna safari.

Hawakujua kwamba chini kule Bi Tabita, mama yake na dada zake wanne walikuwa wameung'ang'ania mti kwa meno. Na meno ya fuko mnayajua, ndiyo jembe lake.

Ngiri akaita wachimbaji waseme ardhi imepatwa na nini. Akaja Fuko, akaweka sikio kwenye mti, akatikisa kichwa kama mganga aliyelipwa.

"Sema, wewe," Ngiri akasema.

"Mzee Jemadari, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Mti unasema umechoka kubeba uso wako. Unasema uso ni mzito."

Ngiri akauliza kwa hasira mti unataka kubeba nini basi. Fuko akamweleza ile alama. Mistari michache tu, rangi haiishi, na mti hauumii kiuno. Ngiri alitaka kukataa, lakini akaona maboga ng'ambo ya mto yakimwita kwa jina. Akamwita mchoraji. Uso ukafutwa, pua mpaka meno, alama ikachorwa.

Fuko akapiga kichwa ardhini, du du du. Chini kule wakaachia. Ngiri akaushika mti, ukatoka kama unyoya, naye akaanguka chali mbele ya jeshi lake. Hakuna aliyecheka. Walikohoa tu, jeshi zima.

Wakavuka mto. Wachimba mahandaki wa Fahali nao walikuwa mafuko na panya wanaosali shimoni. Walipoambiwa alama iliyoko kwenye bendera, wakaweka majembe chini, wakamwambia Fahali leo hawachimbi. Jeshi lisilo na handaki ni kama kobe asiye na gamba. Fahali akafungua lango, akaondoka kwa mlango wa nyuma, na vita vikaisha kabla ya jasho.

Jioni bendera ikachomekwa uwanjani. Maboga yakapikwa, vyungu kwa vyungu, vyote vikapangwa chini ya mti. Ngiri akaketi na kijiko chake.

Fuko akajongea. "Mzee Jemadari, samahani. Mwenye sura juu ya mti ndiye mwenye kijiko chini ya mti. Hebu nisaidie, mimi sioni vizuri. Pale juu kuna sura yako?"

Ngiri akatazama juu. Askari wote wakatazama juu.

"Basi nakula kwa niaba ya huyo mwenye alama," Ngiri akasema.

"Tumwulize nani? Sisi tunaomfuata tunajua agizo lake: fungu lake hupewa aliye mdogo."

Ngiri akaurukia mti ili aung'oe, akachorwe upya. Ng'oo. Akavuta tena. Ng'oo. Bi Tabita alikuwa amewahi kufika, na safari hii alileta na shangazi. Ngiri akawageukia askari wamkamate Fuko. Askari wakasema wao waliapa kwa mti ule, na sheria ni ya Jemadari mwenyewe, nao hawawezi kumvunjia heshima kwa kuivunja.

Hapo Ngiri akafikiri kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akakunja miguu ya mbele, akapiga magoti. Akainamisha kichwa mpaka vumbi likaingia puani.

"Mnionavyo," akasema kwa sauti nyembamba, "mimi nami ni mdogo."

Fuko akampapasa kuanzia puani hadi mkiani, taratibu, kama mnunuzi wa mbuzi. Akasema bado. Ashuke kidogo.

Ngiri anashuka mpaka leo. Mtazameni akila: magoti chini, pua vumbini, anasubiri kupimwa. Fuko na watoto wake walikula, askari nao wakagawiwa, maana tumbo la fuko ni dogo na maboga yalikuwa mengi.

Mti nimeung'oa, kitambaa nimekikunja, chungu kimebaki cha kuosha, na aliyecheka sana ndiye muoshaji.

Fundisho: Mkubwa akila peke yake mwacheni ale, ana sababu zake. Msichimbe chini ya bendera, na msitumie alama takatifu kutafutia mboga. Fuko aliyafanya yote hayo, na mmeona yaliyompata. Alinenepa.