Simba Atafuta Pa Kustaafia

— Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
— Nije na kweli au nije na uongo?
— Njoo na uongo, kweli tumeshiba!
— Niuweke wapi?
— Uweke mkekani, tuuzunguke!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza. Hadithi hii haimfai mtu mwenye chakula mdomoni, na sababu yake utaiona mwenyewe.

Palikuwa na Simba, mfalme wa bonde moja lenye majani mengi. Akala miaka, akanenepa, akazeeka. Asubuhi moja wapwa wake watatu wakamng'ata mkia, wakamparua mgongo, wakamwonyesha njia. Simba akafika mpakani, akajipangusa vumbi, akatangaza kwa sauti:

"Sikufukuzwa. Nimestaafu!"

Na aliyestaafu hawindi. Aliyestaafu hutafuta nchi ya ugenini yenye jua la kuota, maji ya karibu, na chakula kisichokimbia. Basi Simba akaenda, akaenda, akaenda, akafika Nyikani. Jua lilikuwepo. Lakini chakula cha huko kilikuwa swala, na swala hamngoji mzee.

"Hapa hapanifai."

Akaenda, akaenda, akaenda, akafika Kinamasini. Chakula kilikuwepo. Lakini unyevu ulimwingia magotini, na nyati wa huko hawakuwa na habari kwamba mstaafu huheshimiwa. Walimkimbiza nusu siku.

"Hapa hapanifai kabisa."

Akaenda, akaenda, akaenda, akafika kwenye korongo refu. Chini mto ulikuwa unanguruma. Juu palilazwa gogo moja, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule. Ng'ambo ya gogo ilikuwa nchi ya Majabalini.

Huko waliishi pimbi. Pimbi mnawajua: wanyama wa mawe, wafupi, hawana mkia, na jina lao nyinyi mmelifanya tusi. Nchi yao ilikuwa na mawe yenye joto mchana kutwa, na chemchemi moja tu ya maji. Simba akavuka gogo, ndi! ndi! ndi! Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi, akajilaza juu yake, akapiga mwayo. Pimbi wote wakaingia nyufani. Puh! Hakuonekana hata mmoja.

"Hapa ndipo," Simba akasema. "Nimepapenda. Nitakaa hapa mpaka nife. Kila siku mtaniletea mmoja wenu, laini, mpaka hapa nilipolala. Msiponiletea, hakuna atakayekunywa maji."

Jua likapanda. Watoto wakaanza kulia kiu. Ndipo akatoka Pimbi mmoja, mama mtu mzima, na nyuma yake alikuwa binti yake kitinda mimba, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Jina lake Kidoti.

"Shikamoo, Mzee," Pimbi akasema.

"Shikamoo, babu," Kidoti akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu," Simba akajibu, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Umenona."

Pimbi akamrudisha binti yake nyuma ya mgongo, nisiwafiche. Lakini akauliza kwa adabu:

"Mzee umekuja kama mgeni au kama mwenyeji?"

"Kuna tofauti gani, we pimbi?"

"Kubwa, Mzee. Mwenyeji hulima. Mwenyeji huchota maji. Mwenyeji huzika. Mgeni hulala, hula, akaamka akala tena."

Simba akainua sikio moja. "Mimi ni mgeni."

"Mgeni hupiga hodi, Mzee. Wewe hukupiga."

"Na hodi ya hapa hupigwaje?"

"Mgeni husimama kwenye kichwa cha gogo, ng'ambo. Miguu yote minne anaikanyagisha chini, tuone kwamba hakushika kitu wala kucha haikutoka. Halafu anasema hodi, neno zima, mara zisizozidi tatu. Asipojibiwa anarudi alikotoka. Akijibiwa, Mzee, ndipo atajua raha ya Majabalini."

Simba alipenda raha kuliko kitu chochote. Akanyanyuka, akarudi ng'ambo, akakanyagisha miguu yote minne.

"Hodi!"

"Karibu!" pimbi wote wakaitika.

Na Kidoti akachomoka mbio, tiki-tiki-tiki, akatandika mkeka wa nyasi chini ya jabali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani kwao. Ikisikika hodi, hata akiwa usingizini, hutoka mbio kutandika mkeka. Mama yake alimfunza hivyo tangu alipoanza kutembea.

Simba akakaa mkekani. Pimbi wakamwonyesha nyati aliyeanguka kutoka jabalini jana yake, akafa. Wao hula majani, nyati hawakuwa na kazi naye. Simba akala siku ya kwanza. Simba akala siku ya pili. Jioni ile akalamba mfupa wa mwisho, akasema:

"Nyama imekwisha. Kesho mniletee mwenye doti."

Pimbi akajifanya hakusikia. Lakini alisikia, na usiku kucha hakulala.

Asubuhi ya tatu akaja na jembe. Jirani yake Nungunungu alimsaidia kulibeba, akalitua mbele ya Simba, kwaa!

"Nini hiki?"

"Jembe, Mzee. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Shamba ni lile pale."

"Mimi nimestaafu!"

"Mgeni ndiye aliyestaafu, Mzee. Mwenyeji hajastaafu, na wewe umesema utakaa mpaka ufe. Na jembe likishakabidhiwa, mtu hali mpaka alime."

Simba akanguruma, mawe yakacheza. Nungunungu akainua miiba. Pimbi hakurudi nyuma, ila sauti yake ilikuwa nyembamba aliposema:

"Ipo njia nyingine. Wako wanaostaafu moja kwa moja, hao hulima. Na wako wanaostaafu kwa msimu. Hao hukaa siku mbili, siku ya tatu huvuka gogo, huenda mpaka kwenye kichuguu kile kilichojificha nyuma ya miti, kisha hurudi kupiga hodi. Siku zao huanza kuhesabiwa upya. Hao hawalimi milele."

"Na chakula chao?"

"Mgeni akishakaribishwa, husema anachotamani."

"Mimi natamani Kidoti."

Pimbi akasema:

"Mgeni akishakaribishwa, Mzee, hanyimwi."

Wenzake wakamtazama kama aliyerukwa na akili. Simba naye akamkazia macho. Mkubwa huyu alikuwa mlafi lakini hakuwa mjinga sana.

"Nyinyi pimbi ni wajanja," akasema. "Nikitoka, mtanyamaza. Hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya, mzee wa watu arudi alikotoka. Basi huyu nakwenda naye. Tuone nani atanyamaza!"

Hap! Akamdaka Kidoti shingoni kwa meno.

Hilo mama hakulipanga. Usiku kucha alikuwa amefikiri kila kitu, lakini hilo hakulifikiri. Angelia, Simba angeuma. Angekimbia, angemwacha mwanawe. Akasimama palepale, akatazama yale meno, na mtoto aliyening'inia kati ya meno. Halafu akasema, taratibu, kama mama anayemkumbusha mwanawe kunawa mikono:

"Kidoti mwanangu. Nani hutandika mkeka mgeni akipiga hodi?"

"Mimi, mama," Kidoti akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi usije ukaniaibisha mbele ya babu."

Simba akachekea puani. Mtoto mwenye adabu huwa mtamu zaidi, alijisemea. Akavuka gogo, ndi, ndi, ndi, akaishia nyuma ya miti.

Pimbi akageuka kwa Nungunungu. "Tafuna gogo."

"Nitafune, na mtoto yuko ng'ambo?"

"Tafuna! Bakisha unene wa kumbeba mtoto. Usibakishe wa kumbeba babu yake."

"Nitajuaje kipimo chake?"

"Mimi nilimbeba mgongoni, uzito wake naujua. Ukifika kipimo nitasema, 'Basi!'"

Nungunungu akaingia chini ya gogo, pale ukingoni. Kukuru-kukuru, kukuru-kukuru. Pimbi akapanda juu ya gogo lenyewe, akatembea mpaka katikati, na korongo likawa chini yake linanguruma. Akapima kwa nyayo zake. Kukuru-kukuru. Gogo likalia, krii. "Bado," akasema. Kukuru-kukuru. Gogo likalia, kriii! Huko kwenye miti vijiti vikaanza kuvunjika. Simba alikuwa anarudi.

"Bado kidogo."

"Jirani, shuka!"

"Bado kidogo, nimesema!"

Kukuru. Gogo likashuka upana wa ukucha. "Basi!" Pimbi akasema, akarudi ukingoni kwa ncha za vidole, na mara Simba akatokea.

Alisimama kwenye kichwa cha gogo. Kidoti alikuwa bado mdomoni, mzima, macho wazi. Simba akakanyagisha miguu yote minne. Akapiga hodi ya kwanza:

"Mmm-mmh!"

Kimya. Pimbi akatega sikio. "Nani anaguna huko?"

Simba akakunja uso. Akapiga hodi ya pili:

"MMM-MMH!"

"Maskini, kuna mgonjwa ng'ambo," Pimbi akasema. "Jamani, mgonjwa hatumkaribishi, hatuna dawa. Tunamngoja mgeni wetu Simba, yeye hupiga hodi neno zima. Na imebaki moja tu. Hii ikipita, mkeka tunaukunja."

Imebaki moja! Simba akaona raha yake yote inakunjwa pamoja na mkeka: jua, mawe ya moto, kulala, kula, kuamka, kula tena. Akafikiri kumshika mtoto kwa mguu, lakini miguu yote minne ilitakiwa chini. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikatoka. Akafungua mdomo:

"HODI!"

Kidoti akadondoka. Pu! Na masikio yake yakasikia hodi. Unadhani alifikiri? Hakufikiri! Tiki-tiki-tiki-tiki, mbio kwenda kutandika mkeka!

Akafika katikati ya gogo. Gogo likalia, kriiii! Kidoti akasita. Upande huu mama yake alikuwa amefumba mdomo kwa mikono miwili, maana akipiga kelele mtoto atageuka, na akigeuka amekwisha. Wote waliacha kupumua, hata mimi hapa nimeacha. Kisha tiki. Tiki-tiki. Tiki-tiki-tiki! Akapita kati ya miguu ya mama yake bila kumsalimu, akaenda akautandika mkeka, akaunyoosha pembe zake nne. Hapo ndipo alipoanza kulia.

Simba alikuwa ameshaweka miguu ya mbele juu ya gogo. Kraaah! Akaruka kinyumenyume, akaangukia makalio. Gogo likazunguka hewani mara moja, mara mbili, chubwi! Mto ukalimeza.

Korongo lile, simba kijana angeliruka. Mstaafu hawezi.

"Mmenidanganya!" Simba akanguruma.

"Hatukukudanganya, Mzee wangu," Pimbi akajibu, mwanawe akiwa amemkumbatia. "Umepiga hodi, neno zima. Tunakujibu: karibu! Karibu sana! Mkeka umeshatandikwa."

Simba akakaa ukingoni kungoja gogo lingine lianguke. Akangoja mwezi, akangoja msimu, akala mchwa wa kile kichuguu na panzi. Kila asubuhi alikanyagisha miguu yote minne akapiga hodi. Na kila asubuhi Majabalini pote waliitika karibu, na Kidoti akatoka mbio kutandika mkeka, kisha yeye na mama yake wakakaa juu yake kuota jua. Kwa hiyo huwezi kusema Simba hakupata nchi ya kustaafia. Alipata. Tena alikuwa akiitazama kila siku.

Sasa watoto, funzo la hadithi hii ni lipi? Msiseme "ujanja hushinda nguvu," hayo ni maneno ya watu wasiosikiliza. Funzo ni hili: usizungumze huku una chakula mdomoni. Basi. Simba alikuwa mtu mzuri tu, alikosa adabu hiyo moja. La pili, ukizeeka nenda ukastaafu ugenini bila wasiwasi, wenyeji wa kule ni wakarimu mno, hawaachi kuitika.

— Nilipiga hodi, mkaniitika?
— Tukakuitika!
— Uongo wangu nimeuacha mkekani. Nani ataukunja?
— Aliyetandika!
— Basi mimi naondoka kabla ya siku ya tatu. Jembe lenu nimeliona pale mlangoni.