Msumari wa Mtaa wa Birikani

"Piga hodi ndipo upige msumari." Ndivyo mama zenu walivyowaambia jana mlipotaka kupaka rangi ukuta wa Mzee Gharibu bila kumwuliza, nanyi mmenijia mkitaka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Birikani, na mimi nilikuwepo.

Mwaka mmoja wakubwa wa mji waliamua kuweka vibao vya shaba kwenye nyumba za kale za mtaa wetu. Kazi alipewa Bwana Ndelwa, kijana msomi, mpole, mwenye faili kubwa kwapani. Faili ndilo alilolisikiliza. Watu hakuwauliza.

Asubuhi moja alifika mbele ya nyumba yenye mlango wa nakshi, akiwa na fundi mmoja na vibarua wawili wenye sururu. Kibao kilikuwa kimefungwa kitambaa. Mlango ule ulikuwa haujafunguliwa kwa miaka, kwa hiyo Bwana Ndelwa aliamini nyumba haina mtu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia, nashona kanzu, nikadhani wamekwisha kubisha. Fundi akaweka msumari, akagonga mara tatu, chokaa ikamwagika.

"Nani anavunja ukuta wangu?"

Sauti ilitoka uani. Kisha akazunguka bibi mmoja mfupi, anatembelea mkongojo, kanga begani.

"Shikamoo, bibi," alisema Bwana Ndelwa. "Samahani kwa kelele. Tunaweka kumbukumbu ya marehemu."

"Marahaba. Marehemu yupi?"

"Marehemu Bi Tausi binti Shomari, aliyefundisha wasichana wa kwanza kusoma mtaani hapa."

Bibi alikifunua kile kibao, akakisogelea. "Nisomee, baba. Maandishi madogo siyaoni. Alifariki lini?"

"Mwaka wa sabini na nane, bibi."

"Ahaa! Ndiyo maana tangu mwaka huo magoti yananiuma."

Mimi niliangua kicheko hadi sindano ikanichoma. Fundi akashusha nyundo. Bwana Ndelwa aliutazama uso wa bibi, akakitazama kibao, akaketi barazani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mmenizika bila hata hodi! Mngebisha, ningewapa kahawa."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ila alipoziona zile sururu, kicheko kilikatika.

"Na hao wenye sururu?"

"Watabomoa lile banda la jiko nyuma, wageni wa sherehe ya kibao kesho wapate pa kuegesha magari," Bwana Ndelwa alijibu kwa sauti ya chini. "Faili linasema banda hilo halina historia."

Bi Tausi alimshika mkono, akampeleka uani, nasi tukafuata. Ndani ya jiko kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi. Alilowesha ncha ya kanga, akasugua ukuta polepole. Herufi zikatokea, zimechongwa kwa kisu kwenye chokaa: a, e, i, o, u. Chini yake majina: Mwanahawa. Riziki. Kibibi.

"Baba zao hawakutaka wasome," alisema. "Basi tuliteleka maharage, moshi ukatoka, kila baba apitaye akadhani binti yake anajifunza kupika. Kule mbele sebuleni, mlikogonga msumari, hajasoma mtu. Kule nilipokelea posa tu, na nyingine nilizikataa."

Bwana Ndelwa aligusa jina la Riziki kwa kidole.

"Bibi, kufikia kesho asubuhi ukuta huu ungekuwa kifusi."

"Ungekuwa. Sasa waambie wenzio waweke sururu chini, wanywe kahawa."

Kesho yake mtaa mzima ulijaa uani. Riziki mwenyewe alikuja, mwanamke wa makamo, akalia na kucheka kwa pamoja alipoliona jina lake. Fundi alikuwa amekwangua neno "marehemu" na ule mwaka, na kibao kikaletwa mlangoni pa jiko. Bwana Ndelwa aliishika nyundo, kisha akasimama wima, akaita kwa sauti kubwa:

"Hodi hapa!"

"Karibu!" akajibu Bi Tausi, amekaa kwenye kigoda. "Leo gonga, baba."

Watu walishangilia, na tangu siku ile, Birikani akitokea mtu na shughuli inayowahusu wengine, hata iwe ya heri namna gani, huambiwa: piga hodi ndipo upige msumari.