Shule Mbili za Kuchimba Ming'oko

Sogeeni basi. Hadithi hii ina miguu, asiyeifuata itamwacha njiani.

Mwaka huo mvua ilikosea njia. Ilinyesha huko ilikonyesha, mwituni haikufika. Nyasi zikawa kamba, mto ukawa barabara, na Mama Digidigi akaona maziwa yake yanakauka huku mwanawe bado anayatafuta. Mtoto alikuwa mmoja tu, Sikudhani, mwenye sauti nyembamba kama uzi.

Kilichobaki kuliwa kilikuwa chini ya ardhi: ming'oko, viazi vitamu vya mwituni. Lakini humohumo chini mlikuwa na ndiga, viazi vya sumu, ambavyo ukivila bila kuviloweka siku nyingi mtoni, mdomo unawaka moto na miguu inakusahau. Na mto wenyewe ulikuwa wapi? Kwa hiyo kila mzazi alitaka mtoto wake afundishwe kuchimba, tena upesi.

Aliyejua kuchimba ni Bi Nungunungu, ajuza mwenye miiba mgongoni na subira kifuani. Darasa hakuwa nalo. Alitembea na watoto polepole, akasimama, akauliza, "Hiki ni nini? Papasa shina. Fukua kidogo. Nusa. Haya, nusa tena." Aliyerukia jibu aliambiwa, "Ngoja, baba, mwenzio bado anafikiri." Na Sikudhani, ambaye hakujibu kabisa, Bi Nungunungu alimwinamia mpaka pua zikagusana, akamnong'oneza, "Niambie mimi tu." Naye akamwambia yeye tu.

Fisi alipoona watoto wanatoka kwao na vitafunio mikononi, mate yakamchuruzika. Akajibanza nyuma ya kichaka asubuhi moja, akamsikia Bi Nungunungu anaeleza habari za majani. Hakungoja mengine. Kesho yake akafungua shule yake mwenyewe.

"Kila mtoto aje na kitu cha Mwalimu!" akatangaza. "Kikavu au kibichi, sichagui!"

Akajilaza kivulini, fimbo mkononi, watoto wakapanga mstari juani wakaimba:

"Jani moja kama moyo, chimba ule!
Jani tatu kama kucha, usiguse!"

Wakiimba vibaya, fimbo. Wakiimba vizuri, warudie.

Jirani yake Mama Digidigi alikuwa Mama Ngedere, na huyo hakupitwa na neno. "Shoga," akasema, "unamwacha mwanao kwa yule ajuza? Nimepita pale jana, kimya kama penye msiba! Wanangu kwa Fisi wanasikika mpaka ng'ambo. Hiyo ndiyo shule."

Neno lile likamkwama Mama Digidigi kama mwiba wa samaki. Asubuhi akamshika Sikudhani mkono, akachukua karanga zake za mwisho, akaenda kwa Fisi.

Fisi akazitia karanga kinywani zote kwa mpigo mmoja. "Imba!"

Sikudhani akaimba.

"Sikusikii! Wewe ni bubu au mbumbumbu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mbumbumbu, na sauti iliyokuwa uzi ikawa utando wa buibui.

Zikapita siku saba. Mama Digidigi akasema, "Haya mwanangu, twende ukanichimbie. Tumbo langu linaniita."

"Kuchimba, mama? Hatujafika huko. Tumefika kwenye kurudia."

Mama Digidigi akacheka. Kisha akakumbuka njaa, akaacha kucheka. Siku hiyohiyo akarudi kwa Bi Nungunungu, macho chini.

"Bibi, nimekosa."

"Hujakosa, mwanangu. Ulisikia kelele ukadhani ni ngoma. Mlete."

Sasa, Fisi si mtu wa kupunguziwa kitafunio hata kimoja. Akaenda kwa Mfalme Simba, akajikunja kwa heshima mpaka tumbo likagusa vumbi. "Mfalme, yule ajuza anawafundisha watoto kunyamaza. Wakinyamaza wote, ni nani atakayekusifu?"

Hapo ndipo penye kidonda cha Simba. Akanguruma, "Ijumaa shule zote mbili zije mbele yangu. Mwalimu atakayeshindwa auhame mwitu huu, asirudi!"

Mama Digidigi akajiuliza. Bi Nungunungu akifukuzwa, nani atamwonyesha Sikudhani cha kula? Mtoto mbavu zilishaanza kuhesabika.

Ijumaa ikafika. Watoto wa Fisi wakaimba mpaka ndege wakahama miti, na Fisi alikuwa amewaongezea ubeti:

"Simba wetu ana nywele, zang'aa kama jua!"

Simba akatikisa manyoya. "Ubeti huo wa mwisho, hebu urudieni." Wakaurudia. "Tena." Wakaurudia tena. Watoto wa Bi Nungunungu walisimama tu, makucha yamejaa udongo. Mama Ngedere akapiga vigelegele. Simba akainua mkono kukata shauri.

Sungura akajitokeza, anajikuna sikio kama hana habari.

"Mfalme, uishi miaka mingi. Ubeti ule umenishibisha mimi, ila mimi ni mdogo. Mtu wa kimo chako halishwi wimbo. Kwa nini Mwalimu Fisi asikuchimbie chakula cha mchana kwa mkono wake mwenyewe? Na yule ajuza naye atoe mtoto mmoja, tucheke. Desturi yetu si mnaijua: mchimbaji huonja kwanza."

Fisi akavimba kichwa. "Hilo dogo!"

Wakaenda wote hadi penye viazi. Fisi akasimama. Kwa ukame ule majani yote yalikuwa yamepukutika. Vilibaki vijiti vikavu vya rangi moja, vimesimama kama meno ya kitana. Jani moja hakuna, jani tatu hakuna.

"Majani yako wapi?" akauliza.

"Yamekwenda na upepo, Mwalimu," Sungura akamjibu kwa adabu kubwa.

Kurudi nyuma ni aibu. Fisi akachagua shina nene kuliko yote, akafukua, akatoa mizizi minono kama vichwa vya watoto. "Tazameni unene huo!"

Bi Nungunungu akamwinamia Sikudhani, akamnong'oneza neno. Mtoto akaenda peke yake kwenye vijiti. Akapapasa kimoja, akakiacha. Akapapasa kingine, akafukua kidogo, akanusa, akakifukia. Akaenda kwa kingine.

"Hilo ndilo somo lenu?" Fisi akapiga kelele. "Kubembeleza vijiti? Mbumbumbu huyo!"

Mama Digidigi alikuwa ameuma mdomo mpaka ukauma. Sikudhani akarudi na viazi vitatu vyembamba kama vidole vya mzee.

"Onja," Simba akasema, uso umekunjamana.

Mtoto akatafuna. Akameza. Mama akafumba macho, akafumbua. Sikudhani alikuwa anauma mara ya pili.

Ikawa zamu ya Fisi. Akalitazama rundo lake, mate yakamshinda. "Desturi yasema mchimbaji aonje. Haikusema aonje kiasi gani!" Akala cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho, hata Mfalme hakubakiziwa kipande.

"Mfalme," akaanza, "ubeti..." Ulimi ukamjaa kinywani kama mto wa kulalia. Mdomo ukawaka. Miguu ya mbele ikaenda huku, ya nyuma ikaenda kule, akakaa kitako juu ya fimbo yake mwenyewe. Watoto wakacheka, na safari hii hakuna aliyewachapa.

Simba akamgeukia Sikudhani. "Umejuaje, mtoto?"

Sikudhani akajibu.

"Amesema nini?" Simba akauliza.

"Ameshasema, Mfalme," akajibu Bi Nungunungu. "Sauti yake haipandi huko juu."

Mwitu mzima ukashika pumzi, maana Simba hajapata kumwinamia kiumbe. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akashusha kichwa taratibu, manyoya yote yakaburura vumbini, akatega sikio.

"Shina la ndiga lina miiba midogo," Sikudhani akamnong'oneza, "hata likikauka unaisikia kwa kidole. Lisipokuwa na miiba, bado nanusa. Chukua, kimebaki kimoja."

Simba akala. Akalamba midomo. Vumbi kwenye manyoya hata hakulipangusa.

Fisi alichechemea akauhama mwitu ule siku miguu ilipomkumbuka, na ya nyuma haijanyooka mpaka leo. Mama Ngedere kesho yake alikuwa wa kwanza kuwaleta wanawe kwa Bi Nungunungu. "Mimi tangu zamani nasema, kimya ni kizuri," akasema. Ajuza akawapokea, na kwa kuwa hao kukaa kimya hawawezi, akawaacha waimbe ule wimbo wa majani huku wakichimba. Wimbo haukuwa mbaya, ulikosa mikono tu. Na Sikudhani na mama yake walikula ming'oko mpaka mvua ilipoikumbuka njia.

Hadithi imefika kwao, nasi tushike neno lake moja: mtaka cha mvunguni sharti ainame.