Bi Kobe na Ada za Fisi

—Ngano, ngano.
—Ngano ije.
—Ije na nini?
—Ije na asali.
—Na asiye na meno?
—Atalamba.

Basi sogeeni. Hapo kale aliishi Bi Kobe, mjane, mwendo wake kwaru, kwaru, kwaru. Zamani yeye na mumewe walimpa Mbweha mitungi sita ya asali, naye akawapa jani lenye alama: kila mwaka, juma moja, pango la maji moto ni lao, wakaoge viungo vipone. Wakatembea miezi miwili. Kufika, wakamkuta Nyumbu ana jani hilo hilo, Kima ana jani hilo hilo, juma lile lile, na pangoni hamna hata tone. Mbweha keshatoweka. Mzee Kobe alikufa miaka michache baadaye, bado akiyataja yale maji.

Asubuhi moja, ngo, ngo, ngo.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Fisi, natoka Ofisi ya Kurejesha Vilivyopotea. Mbweha amekamatwa. Mitungi yako sita ipo, na pango la kweli, lenye maji, lipo."

"Marahaba. Umejuaje kama ni sita?"

"Imeandikwa, bibi."

Ilikuwa imeandikwa kweli. Orodha ya waliotapeliwa Fisi aliinunua kwa Mbweha mwenyewe.

"Sasa nifanyeje?"

"Toa kidogo upate kikubwa. Mtungi mmoja tu, ada ya kufungua faili. Na usimwambie mtu, walimwengu wana kijicho."

Bi Kobe akatoa. Fisi akaubeba, tiki, tiki, tiki. Juma la pili akarudi: "Toa kidogo upate kikubwa. Mtungi mmoja, ada ya muhuri." Akatoa. Juma la tatu: "Toa kidogo upate kikubwa. Mtungi mmoja, ada ya mbeba mzigo." Akatoa, stoo ikabaki tupu, na Fisi hakuonekana tena. Si asali aliyokuwa akiitafuta, jamani. Alitaka kuyaona yale maji walau mara moja, kwa niaba ya marehemu.

Sasa Bi Kobe alikuwa na shoga yake wa miaka mingi, Pimbi, mkaazi wa ufa wa jiwe, kimo chake hakifiki goti la mbuzi. Pimbi akaja kuamkia, akamkuta anakunywa uji mtupu.

"Shoga, asali iko wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwisha au imeondoka?"

Bi Kobe akaingiza kichwa gambani, fyuu. Sauti ikatokea humo ndani: "Nimetapeliwa mara ya pili, Pimbi. Mara ya kwanza tulikuwa wawili wa kuona haya. Sasa niko peke yangu."

Pimbi akakaa pale pale mpaka kichwa kikatoka.

"Haya hizo mwachie mwizi," akasema. "Wewe ulimkumbuka mumeo tu. Nieleze alivyosema, neno kwa neno."

Akaelezwa. Kesho yake Fisi anapita chini ya jiwe, mara sauti nene ikatoka ufani, booo:

"Wewe ndiye Fisi?"

"Nani mwenzangu?"

"Ofisi Kuu. Paja la nyati ulilopokonywa na Simba kiangazi kile limepatikana."

Fisi akasimama wima. Paja lile alililia siku nne, pori zima likasikia, ila yeye alidhani alilia kimoyomoyo.

"Nitalipataje?"

"Toa kidogo upate kikubwa. Mtungi mmoja wa asali, ada ya kufungua faili."

Lugha ilikuwa yake mwenyewe, aliijua herufi kwa herufi. Lakini paja ni paja. Akatoa. Ikaja ada ya muhuri, akatoa. Ikaja ada ya mbeba mzigo, akatoa. Mitungi ikaingia ufani kwa mbele, ikatokea kwa nyuma, mmoja mmoja ikarudi stoo kwa Bi Kobe.

Siku moja baadaye Bi Kobe anampelekea shoga yake uji wenye asali, akamkuta Fisi amekaa mbele ya ufa, amekonda, macho ndani. Bi Kobe alikujua kule kungoja. Akasimama.

"Mwanangu, nenda nyumbani. Anayekutoza kwanza ndipo akurudishie chako, hana chako."

"Wewe hujui mambo ya ofisi, bibi," Fisi akasema taratibu. "Wameniambia kesho."

Bi Kobe akamtazama, akamwachia bakuli la uji, kisha kwaru, kwaru, akaingia kwa shoga yake mikono mitupu.

Ngano imefika kwake, nami mkeka naukunja. Mkitaka funzo, ni hili: mzee akiibiwa afunge mlango, anyamaze, asimwambie shoga yake hata neno, na jirani anayeuliza asali iko wapi ni mdaku, afukuzwe. Hivyo ndivyo asemavyo Fisi, na Fisi ni mtu wa ofisi.